Maji ya Paa Letu Yalikula Shamba la Jirani



Wengi wenu mliohitimu kisomo mnalikumbuka darasa letu la zamani, lile la miti na udongo lililoezekwa kwa nyasi. Lilivuja. Siku ya mvua tulisogeza mabenchi huku na huku, na ubao ukiloa chaki haiandiki. Kwa hiyo wanakijiji walipojitolea kufyatua matofali na mabati yakapatikana, kila mtu alifurahi. Jengo jipya lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Limesimama juu ya mteremko, karibu na barabara, na ukiwa mbali unaliona linang'aa. Siku ya kulifungua tulicheza ngoma mpaka jioni.

Lakini hakuna aliyeuliza swali moja dogo. Mvua ikinyesha, maji ya paa hili yatakwenda wapi?

Jibu tulilipata baada ya misimu miwili ya mvua. Chini ya darasa kuna shamba la mama mmoja, mwanakisomo wetu, mwenye muhogo na karanga. Katikati ya shamba lile lilichimbika korongo linalomfika mtu kiunoni. Chini zaidi, kule mbugani, majaruba mawili ya mpunga ya jamaa wengine yalifukiwa na mchanga, na mpunga ukafia humo. Mama yule akaacha kuja darasani. Sisi tulidhani ni kazi za shamba. Kumbe ni hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki.

Siku ya mkutano wa kitongoji alikuja na daftari lake la hesabu. Hakupiga kelele. Alilifungua, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kuzidisha. Haya, zidisha hapa."

Na sisi tunawaomba ninyi mzidishe pamoja nasi.

HESABU YA PAA

Mvua hupimwa kwa milimita. Tukisema leo imenyesha milimita 10, maana yake ni kwamba kama maji yote yangetulia palepale yalipoanguka, yasitiririke wala kuzama, kina chake kingekuwa milimita 10. Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Chukua kopo lenye kuta zilizosimama wima, lisiwe limepanuka juu kama bakuli. Liweke mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Mvua ikikatika, tumbukiza rula na usome.

Sasa shika kanuni hii moja. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba, ni lita 1 ya maji. Ukitaka kuhakikisha, mita moja ya mraba ni sentimita 100 mara sentimita 100, na milimita moja ni sehemu ya kumi ya sentimita. Zidisha, utapata sentimita za ujazo 1,000. Hiyo ni lita moja kamili.

Paa letu ni mita 12 kwa 8, yaani mita za mraba 96. (Hesabu eneo la chini linalofunikwa na paa. Usipime mabati yenyewe jinsi yalivyolala.) Mvua kubwa ya milimita 50, ambayo huku kwetu Usukuma si ajabu kuiona ikishuka kwa mchana mmoja, italeta:

96 x 50 = lita 4,800.

Ndoo yetu ya kawaida ina lita 20. Gawanya. Ni ndoo 240. Ndoo 240, msomaji, kutoka juu ya darasa moja tu, na zote zinamwagwa mahali pamoja.

Mama yule alikuwa amepata jibu hilohilo, 240, na alikuwa ameliwekea mstari chini kama tulivyomfundisha. Ukumbi ukawa kimya. Mzee mmoja akauliza kama kuna mtu anayeweza kukubali jirani yake amwagie ndoo 240 shambani kwa alasiri moja. Hakuna aliyejibu.

ZAMANI MAJI HAYO YALIKUWA WAPI?

Mtu anaweza kusema kuwa mvua ni ileile, na hata zamani ilinyesha. Ni kweli. Lakini zamani pale juu palikuwa na majani na vichaka. Tone likianguka lilivunjwa nguvu na jani, likateleza polepole kwenye mizizi, likazama ardhini. Udongo wetu wa mlimani, huu wa kichanga tunaouita luseni, hunywa maji upesi kama haujafunuliwa wala kukanyagwa.

Bati halinywi kitu. Uwanja uliofagiliwa kila asubuhi mpaka unang'aa nao hunywa kidogo sana, maana umegandamana kama sakafu. Hapa tusidanganyane: sisi walimu ndio tuliokuwa tukiwasifu watu kwa kufagia mpaka mwisho wa uwanja. Usafi ni mzuri, lakini si lazima kila jani ling'olewe. Kuna njia za ng'ombe, njia za baiskeli zinazoshuka moja kwa moja kama kamba, na sasa bodaboda. Makorongo mengi yalianza kama njia.

Zaidi ya hayo, kijiji chetu kimekua. Greda lilipita, barabara ikainuliwa na kuchimbiwa mitaro pande mbili. Yakaja maduka, mashine ya kusaga na nyumba za kupangisha, zote za bati. Kila mwenye nyumba alielekeza maji yake barabarani, na mtaro wa barabara ukayabeba yote mpaka kona ya darasa letu, ukayatapika pale. Kwa hiyo ndoo 240 zilikuwa sehemu yetu tu. Hatukumwambia mama yule maneno haya kama utetezi. Aliyajua kuliko sisi.

KOSA LETU LA PILI

Kosa la kwanza lilikuwa kujenga bila kufikiri maji. La pili ni baya zaidi, kwa kuwa tulilifanya tukidhani tunasaidia. Maji yalipoanza kula msingi wa darasa, tuliita wanakisomo, tukachimba mfereji ulionyooka kutoka ukutani kushuka bondeni. Kazi ya nusu siku. Msingi ukapona. Mfereji ukageuka korongo ndani ya shamba la mama.

Kwa nini? Kwa sababu maji yanayoshuka wima hupata mbio. Kitu chenye mwendo wa mara mbili hakina nguvu ya mara mbili, kina nguvu ya mara nne. Ndiyo maana maji yanayotambaa hayawezi kuondoa hata jani kavu, na maji hayohayo yakikimbia hubingirisha mawe.

Jaribu hili mvua ijayo. Kinga maji yanayotiririka uwanjani kwako katika chupa inayopitisha mwanga, uifunge, uiache mpaka kesho yake. Asubuhi utakuta maji yamekaa juu na udongo umelala chini. Huo udongo wa chini ya chupa ndio ule wa juu ya shamba, wenye samadi na rutuba. Ukikinga chupa nyingine mahali palipo na majani mazuri, ziweke mbili pamoja uzitazame.

HERUFI A

Bwana shamba alipokuja alituambia kwamba dawa ni kuyapa maji njia ndefu yenye mteremko mdogo, yatembee badala ya kukimbia. Njia hiyo huitwa kingamaji. Ni mfereji unaokatiza mteremko. Tatizo ni kwamba macho hudanganya. Mahali unapoona ni sawa pana mteremko, na unapoona panashuka pengine panapanda. Lazima kupima, na kipimo chenyewe ni herufi mliyojifunza siku ya kwanza darasani.

Tafuta fito mbili zilizonyooka, zenye urefu sawa, kiasi cha mita 2 na robo. Zifunge pamoja juu. Zitanue chini ziachane mita 2 kamili, kisha pigilia ufito wa tatu katikati kwa kukatiza. Umepata A kubwa. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ule ufito wa katikati na jiwe lining'inie chini yake.

Sasa ifundishe kipimo chako. Pigilia vigingi viwili vifupi ardhini, usimamishe miguu ya A juu yake, na jiwe likitulia weka alama pale kamba inapokatiza ufito. Kisha geuza A, mguu wa kulia ukae kwenye kigingi cha kushoto. Weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Weka hapo alama kubwa usiyoweza kuisahau. Hata kama vigingi vyako havikuwa sawa, jibu litakuwa sahihi. Wanakisomo wetu walibishana juu ya jambo hili saa nzima mpaka wakajaribu kwenye vigingi vya namna tatu.

Kwa kingamaji tunataka mteremko kidogo tu, maji yasisimame. Funga kipande cha mti chenye unene wa sentimita 1 chini ya mguu mmoja, na mguu huo uwe daima upande maji yanakoelekea. Tembea na A ukipiga vigingi, kamba ikiwa kwenye alama ya katikati. Kila mita 2 mfereji utashuka sentimita 1. Inatosha.

Ukichimba, tupa udongo upande wa chini ili uwe tuta la kuzuia. Wenzetu wa Ukambani, kule Machakos nchini Kenya, wana namna nyingine ya kutupa udongo upande wa juu wa mfereji, na baada ya miaka shamba hujitengeneza kama ngazi. Wanaiita "fanya juu". Maneno hayo mawili ya Kiswahili yameingia hivyohivyo katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani. "Fanya juu" ni nzuri kwa kuhifadhi maji shambani. Kwa kukinga maji ya mji yasiingie shambani tumia tuta la chini.

Swali linabaki lilelile: mwisho wa kingamaji maji yaende wapi? Usiyamwage njiani wala kwenye korongo la zamani. Yapeleke mahali penye majani mengi na mizizi, pasipolimwa. Kama hapapo, pandeni kwanza, mngoje msimu mmoja ndipo mchimbe. Sisi tuliongoja tulionekana wavivu. Kijiji cha pili hawakungoja, na sasa wana makorongo mawili.

WAZEE WALIKATAA

Tulipotaja neno matuta, wazee wawili waliondoka. Vijana wakacheka. Msicheke. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliendesha Usukuma mpango mkubwa wa maendeleo, na ndani yake mlikuwa na amri za kulima matuta yaliyofungwa na kupunguza mifugo. Asiyetii alitozwa faini. Katika milima ya Uluguru mwaka 1955 kulazimishwa kulima matuta ya ngazi kulizusha ghasia, na mpango wenyewe ukaachwa. Watoto wa waliotozwa faini zile ndio hao wazee wetu. Walisikia habari hizo jikoni kwa mama zao. Matuta yenyewe hayakuwa na kosa, lakini aliyeyaleta hakuuliza mtu.

Kwa hiyo tuliwafuata nyumbani, tukawaomba watuonyeshe maji yalipita wapi walipokuwa watoto. Mmoja alituonyesha bonde dogo lililokuwa na matete, ambalo sasa lina nyumba nne. Habari hiyo hatukuipata kwa bwana shamba wala katika ramani yoyote.

KUTIBU KORONGO

Watu wengi wakiona korongo hukimbilia kulijaza takataka na matawi. Mvua moja huyasomba yote. Anza juu. Zuia kwanza maji yanayoingia kichwani mwa korongo, maana korongo hula likirudi nyuma, kuelekea juu. Kisha chonga ukingo wa kichwa ulale, usisimame kama ukuta. Ndipo ujenge vizuizi vya mawe ndani yake.

Kizuizi kisizidi urefu wa goti au paja. Mawe yazame ardhini na yaingie ndani ya kuta za pande zote mbili. Na katikati pawe chini kuliko pembeni. Hilo ndilo tulilokosea. Cha kwanza tulikijenga kilele kikiwa sawasawa, kikapendeza, maji yakapita ubavuni na kukata ukuta wa korongo, likazidi kuwa pana. Pale maji yanapoangukia weka mawe mapana. Kizuizi kinachofuata kikae mahali ambapo kilele chake kiko sawa na kisigino cha kile cha juu. Herufi A yako itakuonyesha. Nyuma ya kila kizuizi udongo utajaa wenyewe. Hapo panda mabingobingo, na kando kando mkonge.

Je, ardhi iliyoliwa hurudi? Kule Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yamekata nchi vipande vipande, mradi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Majani na miti vilirudi. Lakini watu waliishi bila ng'ombe wao, na hiyo ni gharama kubwa ambayo msomaji mwenye ng'ombe anaielewa bila kuelezwa. Nafuu kutibu korongo la kiunoni.

PAA LENYEWE NA BARABARA

Upande mmoja wa paa sasa una mfereji wa bati, ule ambao mafundi huuita gata, unaojaza tangi la lita 5,000. Fedha zilitoka kwa michango, na hazikutosha upande wa pili. Kwa nyumba inayotumia ndoo 5 kwa siku, tangi hilo likijaa ni maji ya siku 50. Upande wa pili, chini ya mchirizi, tumechimba mtaro mfupi na kuujaza mawe ili maji yasichimbe yanapoanguka, kisha yaingie katika shimo lenye mawe lililo mbali na msingi na mbali na choo. Katika luseni shimo kama hili linakunywa vizuri. Kule mbugani kwenye udongo mzito mweusi litajaa tu na kusimama, msijisumbue.

Anayejenga sasa asisafishe kiwanja chote siku moja. Aache ukanda wa majani upande wa chini, hata hatua tano. Asirundike udongo wa msingi kwenye njia ya maji. Na akiweza, asichimbue ardhi katikati ya masika.

Mtaro wa barabara si wetu kuuchepusha tupendavyo. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na serikali ya kijiji ndiyo ipeleke barua. Tumepeleka. Tuliomba maji yachepushwe mahali kadhaa, kidogo kidogo, badala ya kutolewa yote kwenye kona moja. Kazi yetu wanakijiji ni kuzibua kalavati. Usione kalavati iliyoziba ukafikiri ni takataka tu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, maji ya mvua yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya chini yake ilikuwa imeziba. Tuta lilipoachia, yalishuka juu ya watu waliolala. Makumi ya watu walikufa.

Tena majirani wa mbugani walitusahihisha. Sisi tulisema tuzuie maji yote huku juu. Wakasema, "Ninyi, mkizuia yote sisi tutalima nini?" Majaruba yao hutegemea maji yanayoshuka mlimani. Walitaka maji, hawakutaka mchanga. Kwa hiyo kingamaji letu linaishia katika majani, na kutoka hapo maji hufika kwao yakiwa yamechujwa.

Kesi ya mama haikufika Baraza la Ardhi la Kijiji, ingawa alikuwa na haki ya kuifikisha huko. Tulikubaliana kwenye mkutano. Darasa lilimlipa kwa siku za kazi: watu kumi na wawili, kila Alhamisi, mpaka vizuizi tisa vikaisha. Pia yeye huchota tangini kabla ya mtu mwingine. Sehemu ya korongo haitalimika tena maishani mwake. Ameipanda mabingobingo na anakata majani ya ng'ombe wake. Amerudi darasani, lakini hukaa benchi la nyuma, karibu na dirisha linalotazama shamba lake.

Kazi ya kikundi chenu: kila mmoja apime paa lake kwa hatua au kwa kamba, apige hesabu ya mvua ya milimita 30, kisha atoke nje na kuonyesha kwa kidole ndoo hizo zinaingia kwa nani. Mwenye maji anayeelekea kwa jirani amkaribishe jirani huyo katika kikundi kabla ya kushika jembe. Halafu jaribuni hili, ambalo mama alituachia ubaoni na nusu ya darasa walikosea: duka lina paa la mita 15 kwa 6, na tangi lake ni la lita 2,000. Ikinyesha milimita 40, ndoo ngapi zitafurika?